Ukinunua 1KZ-TE, anza na maji

Anayenunua Prado au Hilux Surf ya miaka ya tisini kwa kawaida hutazama rangi, viti na kilomita, kisha anawasha injini, anasikiliza mngurumo, na kama haigongi anatoa fedha. Kwa gari lenye injini ya 1KZ-TE, utaratibu huo umewaponza wengi. Anza na mfuniko wa rejeta, asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa. Ukifika ukakuta muuzaji ameshaliwasha gari "ili lipate joto kidogo", mshukuru, mwambie utarudi kesho.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kununua, na pia wa yule ambaye tayari analo na hana mpango wa kuliuza. Sehemu kubwa nimeipa mfumo wa maji na silinda hedi, maana huko ndiko 1KZ nyingi zinakofia. Turbo, pampu na nozeli zina gharama zake, tena si ndogo, lakini ni mara chache zinamfanya mtu aliegeshe gari moja kwa moja.

Injini yenyewe

Toyota waliileta 1KZ-TE mwaka 1993 kuchukua nafasi ya 2L-TE, ambayo ilikuwa na cc 2,446 na ilizidiwa na uzito wa magari iliyopewa kuyavuta. Hii ina cc 2,982, silinda 4 kwenye mstari mmoja, kamshafti moja juu na valvu 8. Kipenyo cha silinda ni milimita 96, pistoni inasafiri milimita 103. Utaikuta kwenye Prado za KZJ78 na KZJ95, kwenye Surf za KZN130 na KZN185, na kwenye baadhi ya Hiace. Ukiona KZ mwanzoni mwa namba ya modeli kwenye kibati, injini ni 1KZ. Kuna ndugu yake, 1KZ-T, ambaye pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika tupu. Ya TE inaongozwa na kompyuta.

Za mwanzo zilitoa nguvu za farasi 125 hadi 130. Zilizofuata zikawekewa intakula, zikafika 140. Nguvu ya kuvuta iko chini, kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, ndiyo maana gari hili linapanda mlima bila kupiga kelele na halipendi kukimbizwa. Mwaka 2000 ilianza kurithiwa na 1KD-FTV, yenye ujazo uleule lakini mfumo mwingine kabisa wa dizeli.

Jambo la kulikamata hapa ni namna inavyochoma. Dizeli haipulizwi moja kwa moja juu ya pistoni. Inapulizwa ndani ya kichumba kidogo kilichochimbwa kwenye hedi, moto unaanzia humo, kisha unafyatuka kupitia tundu jembamba na kuingia kwenye silinda. Mgandamizo ni 21.2 kwa 1. Mpangilio huo unaifanya injini iwe tulivu kuliko dizeli nyingi za rika lake, lakini joto jingi linabaki kwenye hedi. Na hedi ni ya aluminiamu, imefungwa juu ya bloku ya chuma cha kusubu. Metali hizo mbili hazitanuki sawasawa zikipata moto.

Hedi inapasuka wapi, na kwa nini

Ukiigeuza hedi ya 1KZ juu ya meza ya fundi utaona, kwa kila silinda, valvu mbili kubwa zilizokaribiana na ukingo wa kile kichumba pembeni yake. Aluminiamu inayotenganisha vitu hivyo vitatu ni nyembamba sana, na hapohapo ndipo joto linapokuwa kali kuliko kwingine kote. Maji yakipungua kidogo, au yakizunguka taratibu kuliko inavyotakiwa, sehemu hiyo inazidiwa kabla mshale wa joto kwenye dashibodi haujasogea. Ufa unaanzia kwenye valvu unaelekea kwenye kichumba. Nyufa nyingine hubaki juujuu na injini huendelea kuishi nazo miaka. Ufa ukifika kwenye njia ya maji, shinikizo la moto linaanza kusukumwa ndani ya rejeta, na hapo hesabu inabadilika.

Kwa hiyo ukisikia "hedi za 1KZ ni mbovu", pokea nusu yake. Hedi ina udhaifu wa kweli, hilo halina ubishi. Ila hedi nyingi zilizopasuka huku kwetu zilitanguliwa na rejeta iliyoziba, feni iliyochoka au maji ya kisima. Ukilipakia Prado abiria saba na mizigo juu, ukapanda nalo mlima wa Kitonga saa nane mchana huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa, unaidai injini kazi yake yote kwa mwendo mdogo ambao hauleti upepo wa kutosha kwenye rejeta. Injini iliyotunzwa inapanda. Iliyowekewa maji ya bomba kwa miaka kumi inafika juu ikiwa na ufa.

Mwenye gari atakwambia lilichemsha mara moja tu. Kwa injini hii, mara moja inatosha.

Ukaguzi wa asubuhi

Gari likiwa limelala usiku kucha, shika hosipaipu ya juu ya rejeta kabla ya kufungua chochote. Inatakiwa iwe laini, ibonyee vidoleni. Kama ni ngumu na injini ni ya baridi, kuna gesi iliyobaki ndani tangu jana, na gesi hiyo mara nyingi imetoka kwenye silinda. Kipimo hiki ni bure na watu hawakifanyi.

Fungua mfuniko. Maji yafike juu kabisa. Yawe na rangi ya kulanti, nyekundu au kijani, na yawe safi. Maji ya kahawia ni kutu. Utando wa oili unaoelea ni habari mbaya, ingawa kwa gari la otomatiki unaweza kuwa umetokana na giaboksi: oili yake hupozwa kwenye bomba lililo ndani ya rejeta, na bomba hilo likioza, oili na maji vinachanganyika na kuwa kama maziwa ya waridi. Hapo hedi inaweza kuwa nzima, lakini giaboksi iko hatarini. Maji meupe safi yasiyo na kulanti kabisa yanakuambia tabia ya mwenye gari. Muulize aliyaweka lini na yalikwenda wapi yale ya mwanzo.

Mfuniko ukiwa wazi, mwombe mtu awashe injini huku wewe unatazama. Vipovu vichache vya mwanzo vinaweza kuwa hewa iliyonasa. Vikiendelea kuja mfululizo, au maji yakaruka nje ukikanyagiwa mafuta, funga mazungumzo. Baadhi ya gereji zina kifaa chenye dawa ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Dawa ikibadilika rangi, gesi ya moshi imo ndani ya maji. Lipia kipimo hicho, ni fedha kidogo mno ukilinganisha na hedi.

Kisha rudisha mfuniko, endesha. Tafuta mlima, na uendeshe nusu saa walau, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Mshale ukishafika sehemu yake ya kawaida usitoke hapo. Usiuamini peke yake, maana maji yakiisha kabisa sensa inabaki kwenye hewa na inaweza kukudanganya. Ukirudi, acha injini ipoe, angalia tena kiasi cha maji. Na usije ukafungua mfuniko wa rejeta ya moto kwa haraka ya kujua. Watu wameungua uso kwa njia hiyo.

Oili nyeusi kwenye kijiti isikutishe. Dizeli ya aina hii huitia masizi oili ndani ya siku chache baada ya kubadilishwa. Cha kuogopa ni oili iliyogeuka rangi ya maziwa, au ute mzito mweupe chini ya mfuniko wa kuwekea oili. Ukiwa hapo, uache mfuniko huo wazi injini ikiwa inaunguruma: pumzi nyepesi ni kawaida, lakini hewa ikipiga kwa nguvu na kutoa moshi, ringi za pistoni zimechoka na unahitaji kipimo cha kompresheni.

Kuitunza isichemshe

Kulanti kwanza. Kazi yake hapa kwetu haihusu baridi: inazuia kutu, inalinda aluminiamu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima ya ukanda wa pwani yana chumvi, na chumvi na aluminiamu havipatani. Kama huna kulanti iliyochanganywa tayari, changanya na maji yaliyochujwa ya betri, yaani yale yasiyo na tindikali. Badilisha kila baada ya miaka miwili hata kama yanaonekana safi.

Rejeta ya miaka ishirini na zaidi huziba ndani, na mapezi yake huziba nje kwa vumbi, wadudu na matope. Kuipulizia maji kwa mbele ni nusu ya kazi; toa, peleka kwa mtu wa rejeta aifungue na kusafisha njia moja moja, au nunua mpya. Kagua pia kava la plastiki linaloizunguka feni. Mafundi wengi wakilitoa hawalirudishi, na bila hilo feni inavuta hewa kutoka pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Feni yenyewe inazungushwa kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni, ambayo huibana feni injini ikipata joto. Izime injini ikiwa ya moto, jaribu kuzungusha feni kwa mkono: inatakiwa igome. Ikizunguka kwa wepesi, au ukiona michirizi ya mafuta kwenye kitovu chake, klachi imekufa. Hii ndiyo spea ndogo ninayoishuku kwanza gari linapochemsha mlimani na kutulia likiwa tambarare.

Halafu kuna suala la thamostati. Fundi atakushauri uitoe "ili maji yapite vizuri". Kataa. Thamostati inafanya kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta na wakati huohuo inafunga ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kamwe, na siku gari likibeba mzigo linachemsha kuliko mwanzo. Siku nyingine zote linafanya kazi likiwa baridi mno na linakula mafuta. Nunua mpya.

Mfuniko wa rejeta nao ni spea. Springi yake ikilegea shinikizo linapotea na maji yanachemka mapema. Kwa gari lenye hita ya nyuma, fuatilia mabomba yake yanayopita chini ya bodi, yanaoza polepole na kupoteza maji bila kuacha dimbwi.

Mshale ukipanda ukiwa njiani, zima kiyoyozi, toka barabarani, simama. Kama maji bado yamo na hakuna mvuke, acha injini iungurume taratibu na uwashe hita ya ndani hadi mwisho. Itakutesa lakini inaondoa joto. Kama maji yamemwagika, zima mara moja. Subiri ipoe yenyewe. Ndoo ya maji ya baridi juu ya hedi ya moto ndiyo inayokamilisha ufa uliokuwa unaanza.

Hedi ikishapasuka

Utapewa njia tatu. Kuichomelea na kuiskimu ile ya zamani, kuweka ya mtumba, au kununua mpya. Kuchomelea kati ya valvu mimi sikushauri. Panapata moto uleule, na aluminiamu iliyokwisha kuchemshwa huwa laini na haishiki tena bolti vizuri. Hedi ya mtumba kutoka masoko ya spea kama Gerezani, Kirinyaga Road au Kisekka ina umri sawa na yako. Inunue kwa sharti moja, kwamba itapimwa kwa shinikizo kwenye karakana ya mashine kabla hujalipa. Muuzaji akikataa, umeshajua. Hedi mpya ndiyo njia ninayoipendekeza, hata ya mtengenezaji mwingine wa kuaminika, kwa sababu gesiketi, oili, kulanti na mshahara wa fundi utavilipa vilevile kwa hedi yoyote.

Simamia mambo mawili. Gesiketi ya hedi ya injini hii huja kwa unene tofauti, na unene huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Fundi anayeagiza "gesiketi ya 1KZ" bila kupima anabahatisha. Na bolti zinakazwa kwa renchi ya kipimo, kwa hatua na kwa mpangilio maalumu. Fundi anayekaza kwa kusikilizia mkono, hata awe na sifa mtaa mzima, mpe kazi nyingine. Rejeta, klachi ya feni na thamostati zishughulikiwe kabla hedi mpya haijawashwa.

Wengine huamua kung'oa injini yote na kuweka 5L isiyo na turbo au 1KD. Ni uamuzi wa kueleweka, lakini kumbuka namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Usipoibadilisha rasmi utapata tabu siku ya kuuza, au siku ya ajali.

Mkanda wa taiming

Mkanda unaendesha kamshafti, na ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka kila kilomita 100,000. Taa hiyo inahesabu kilomita tu. Haijui kama mkanda ulibadilishwa, na inaweza kuzimwa bila mtu kugusa mkanda. Kwa gari ambalo huna risiti yake, badilisha wiki ya kwanza, pamoja na tensheni na beringi yake.

Turbo

Inapozwa kwa oili na kwa maji ya injini, kwa hiyo makosa ya maji yanaifuata hadi huko. Badilisha oili kila kilomita 5,000. Inaingia takribani lita 7, na 15W-40 ya dizeli inatosha. Baada ya mlima au mwendo mrefu, acha injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Kuikagua, vua bomba la hewa, shika kile kifeni kwa vidole: mchezo mdogo wa pembeni unakubalika, wa mbele na nyuma haukubaliki, wala kifeni kisiguse ukuta. Utando wa oili ndani ya bomba ni wa kawaida, unatoka kwenye pumzi ya injini. Moshi wa buluu na mluzi mkali ndivyo vya kushughulikia.

Pampu, nozeli na uchakachuaji

Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe. Ukichanganya na mafuta ya taa, ambayo ni makavu zaidi, unaisaga. Uchakachuaji huu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania ilianza kuweka vinasaba vya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Kenya nayo iliyaongezea tozo mwaka 2018. Kishawishi cha kuchakachua kilipungua, lakini gari unalolinunua huenda limeishi miaka yote hiyo.

Dalili ya pampu iliyochoka ni hii: asubuhi injini inawaka vizuri, ikipata moto ukaizima, kuiwasha tena ni kupiga stata mpaka betri inalia. Sensa ya mzunguko ikifa inaweza kuleta dalili hiyohiyo, kwa hiyo ipimwe kwanza kabla hujakubali gharama ya pampu. Stata ikitoa mlio wa "tak" tu bila kuzunguka, mara nyingi ni vile visahani vya shaba ndani yake vimelika, na hivyo ni bei ndogo.

Nozeli zipelekwe kupimwa ukiona moshi mweusi, kugonga kukali kwa dizeli au ulaji uliopanda. Nozeli inayochuruzika badala ya kunyunyiza inaongeza moto palepale hedi ilipo dhaifu. Moshi mweupe asubuhi unaoisha baada ya dakika moja ni hita plagi. Usioisha, wenye harufu tamutamu, ni maji.

Taa ya injini ikiwaka, si lazima uwe na mashine. Kwenye kiboksi cha vipimo chini ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, hesabu taa inavyopepesa. Namba 22, kwa mfano, ni sensa ya joto la maji, na kwa injini hii usiilalie hata siku moja.

Kama hosipaipu ilikuwa laini asubuhi, maji yalikuwa safi na mlima haukuuinua mshale, lipa, halafu anza na kulanti, thamostati, mfuniko wa rejeta na mkanda wa taiming. Kama kimoja kilikushtua na bado unalipenda gari, toa kwenye bei gharama ya hedi mpya nzima pamoja na ufundi wake. Muuzaji atataka mpatane kwa bei ya gesiketi peke yake, usikubali.